Fuawe Niliyoichimba Kwenye Viazi

Jumatatu, 8 Mei 2023
Nina miaka themanini na moja. Nimeishinda ndui, njaa, wenyeviti wanne wa kijiji, na yule daktari aliyesema sifiki Pasaka. Nimefika. Yeye hakufika.
Leo wenye kambi ya watalii Lushoto wamenifuata hapa Gare. Wanataka visu vya kurusha. Wazungu wao wanalenga gogo, eti burudani! Vya mhunzi Shabani wa Vuga vilikatika ncha siku ya kwanza. Yeye anafua misumeno mibovu. Mimi springi ya lori. Nimerusha kimoja kwenye mkaratusi. Kimegonga ubapa, kikaanguka — lakini hakikuvunjika! Hilo ndilo la maana.

Jumatano, 10 Mei
Siri ni fuawe yangu ninayofulia juu yake. Chuma kinene cha mviringo, ncha imechongoka. Nilikichimba shamba la viazi, mwaka wa tatu huu. Marehemu baba alisema mhunzi hanunui fuawe, anapewa na ardhi. Basi nimepewa. Nikakizika kwenye kibanda cha uhunzi alichoniachia baba, ncha chini, kitako juu, nikakimwagia dengelua, pombe ya miwa, kama bibi harusi. Tangu hapo nyundo kila siku. Kinalia vizuri!

Ijumaa, 12 Mei
Kambi wamemleta Hamza, mwanajeshi mstaafu, akague visu. Shikamoo yake nzuri. Visu kavisifu. Halafu kaiona fuawe. Akauliza:
Babu, hii unaipiga nyundo?
Kila siku, ya kilo mbili.
Akarudi kinyumenyume mpaka kwenye migomba.
Anasema ni kombora la vita vya Mjerumani, halijalipuka. Kapekua picha kwenye simu, la namna hii hakuliona. Si la kawaida, huenda walitengeneza machache ya kujaribia. Nikamwambia basi wanipe cheti, nimewajaribia miaka mitatu!
Hakucheka. Kaita wenzake wa Tanga. Mke wangu Modesta kabeba kuku wake, kaenda kwa dada yake.

Jumamosi, 13 Mei
Wanajeshi wamezungusha kamba. Watalilipua hapo hapo lilipo, pamoja na kibanda. Kibanda cha baba! Nikapita nyuma, nikaingia. Nia yangu nilishushe bondeni, wakalilipulie huko. Nikaling'oa. Nikakaa nipumzike, likiwa mapajani. Ndani kitu kikabingirika — tik.
Hamza dirishani: babu, tafadhali, usisogee. Hata kukohoa usikohoe. Fundi wao wa mabomu anavaa nguo za kinga.
Nimetulia. Si woga. Mkono mmoja umelishika, mmoja unaandika.
Modesta kapenya kamba. Kakaa mlangoni, juu ya kinu. We mgosi, anasema, nilikwambia ununue ya dukani kama watu! Hamza anambembeleza atoke. Anajibu atatoka na mume wake au atatoka na bati la paa.
Nikamwambia nenda, mama. Kwa upole. Ndipo akaanza kulia.
Mikono yangu haitetemeki, ni mwandiko tu. Asiyeamini amuulize Modesta. Anaitazama mikono hii sasa hivi, hatazami kingine —