Mwezi Ndani ya Mtumbwi

Jumanne, 15 Oktoba 2024
Modeli ya mwalo wa Ujiji, pale wavuvi wanaposhusha samaki, imekubali! Mitumbwi inatoka, inarudi, samaki wanapanga foleni kwenye mizani — yote ndani ya kompyuta. Sasa Jonathan, bosi wangu hapa Gungu, anataka na ya Ilagala. Si kuanza upya: Happiness, mfanyakazi mpya wa ofisi ya kule, achukue hii hii abadilishe vipande. Akiweza bila kuniita, kazi yangu imekwisha. Mkataba pia. Kasema kwa upole, eti nisichukie. Sijachukia. Nimenuna tu.

Alhamisi, 17 Oktoba
Mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa wamepumzika, maana mwezi ukiwaka hivi taa zao hazivuti samaki; nyavu zimeanikwa ufukweni. Nikashtuka — Mungu wangu! Mwezi nimeufungia ndani ya mtumbwi. Yaani kwenye modeli kila mtumbwi umeamriwa: mwezi ukiwa mpevu, usitoke. Kwa Ujiji sawa. Lakini Happiness ana wavuvi wa ndoano, wanatoka mchana, mwezi unawahusu nini? Mitumbwi yao itagoma na hatajua kwa nini. Itabidi anipigie.

Nikiacha hivyo, naendelea kuhitajika. Nani atajua?

Ijumaa, 18 Oktoba
Nimelala vibaya. Asubuhi nikautoa mwezi. Sheria ya kutoka sasa ni kipande cha peke yake, mtumbwi unauliza tu, "Nitoke?" Kama holda ya taa — unabadilisha balbu, waya huugusi. Ndiyo ruwaza, mtindo wa kupanga programu, niliyoisifia kwa kila mtu ofisini, halafu mimi mwenyewe niikanyage? Nimemtumia Happiness. Inauma.

Jumatatu, 21 Oktoba
Simu kimya. Nimeangalia kama ina chaji. Inayo.

Jumanne, 22 Oktoba
Ujumbe wa Happiness! Shikamoo dada Elida, imekubali. Mitumbwi ya ndoano inatoka hata mwezi ukiwa mpevu. Na kaongeza kipande chake mwenyewe: upepo ukikaza ziwani, hawatoki. Sikumfundisha hicho.

Nimekifungua, nikakisoma nikitafuta kosa — kweli, nimelitafuta. Hakuna. Kimeingia kana kwamba nilimwachia nafasi. Na nilimwachia! Nina furaha, na nina hofu, vyote kwa pamoja.

Jonathan anapiga, bila shaka ni habari ya mkataba. Asubiri. Kwanza nimjibu mtoto wa watu: Marahaba, mdogo wangu. Umeniweza —