Mwavuli wa Pili

Peñíscola, Agosti

Dada Asunción,

Maji ni vuguvugu, nyanya ni tamu, nami sijambo. Ila mume wangu Fermín kila alfajiri hukimbilia ufukweni kutuwekea nafasi ya mbele kwa mwavuli. Kila mtu huku hufanya hivyo, lakini yeye hubeba miwili! Leo nikamfuata.

Chini ya ule wa pili alikaa bibi mmoja, akijipepea.

Fermín akageuka, akaniona. "Huyu ni mama yangu."

"Kumbe wewe ndiye usiyetaka kuniona!" bibi akanivaa.

"Mimi? Si ni wewe, mama, uliyemwambia Fermín hutaki aoe mwanamke aliyeachika?"

Tukamgeukia Fermín. Alikuwa ameshajitosa baharini.

Mpaka sasa anaogelea, Dada. Mkate wake wa asubuhi tumegawana. Mama mkwe anakusalimu.

Mdogo wako,
Nuria