Lunettes Mbili za Rubani

Naviundu, Lubumbashi

Yaya Mado,

Huku tuko bazima, ni mvua tu njo inatusumbua. Ku kazi, sisi barubani tunazungumuzaka tu programme ya safari na visite médicale, kule kupimwa afya ku munganga.

Ni juu ya ile visite nilikuomba uniombee, lakini sikukuambia ugonjwa. Ni macho, yaya. Tangu mwaka jana namba za kidogo za mu ndege zilikuwa zinanipotea. Niliogopa batanifukuza, nikashika ku kichwa herufi zote za ubao wa munganga. Siku inafika, nakuta amebadilisha ubao! Nikasema ukweli. Munganga akacheka: «Commandant, vaa lunettes ku macho, beba na za pili ku mufuko, uendelee kuruka.» Ni hiyo tu! Mwaka muzima niliogopa bure.

Copilote wangu Mwenze alikuwaka na tabia ya kunisomea kila namba kwa sauti. Nilifikiri ni mudomo tu, hata nilimugombeza. Jana tulienda Kalemie, siku yangu ya kwanza na lunettes. Aliziangalia, akatabasamu, na hakunisomea hata namba moja.

Mudogo wako,
Chama