Mvunjaji wa Jenereta

Jumatatu, 7 Julai

Nimefika! Shule ya likizo ya nadharia ya namba. Wiki nzima namba tupu, na hakuna wa kuniuliza zitanisaidia nini maishani. Bweni safi, nimepewa kitanda cha juu. Binti wa kitanda cha chini akipiga hesabu anaimba puani, mfululizo, bila hata kupumua. Nimeshambatiza Jenereta. Kacheka. Tutaelewana.

Jumanne, 8 Julai

Leo hesabu za saa. Ukipita kumi na mbili unaanza upya, kwa hiyo kumi na nane ni sita. Rahisi — mpaka profesa alipogeukia ubao wa pili!

Kuna utaratibu mmoja wa hapa, nimeupenda kufa. Kila anayeandika uthibitisho anapewa mvunjaji, yaani mwenzake wa kuutafutia ufa kabla ya kongamano la Jumamosi. Siku yenyewe, mwandishi akimaliza ubaoni, mvunjaji anasimama mbele za watu na kutamka: umesimama, au umeanguka. Mimi ndiye mvunjaji wa Jenereta. Maskini wee!

Alhamisi, 10 Julai

Uthibitisho wa Jenereta mtamu ajabu. Nimeusoma mara moja, nikamwambia hauna ufa. Profesa kaupitia juujuu, kasema ukisimama Jumamosi, Jenereta atabaki naye mwaka mzima, gharama zote juu ya chuo. Mwaka mzima! Kapiga simu nyumbani, mama yake kalia mpaka simu ikakatika. Anakuja kusikiliza.

Wivu? Kidogo. Haya, si kidogo.

Ijumaa, 11 Julai

Balaa.

Nilikuwa napiga mswaki, mstari wa saba ukanijia kichwani. Pale Jenereta kakata tatu pande zote mbili za alama ya sawa, kama tulivyozoea tangu shule ya msingi. Lakini kwenye saa huwezi kukata hivyo! Tatu mara mbili ni sita. Tatu mara sita ni kumi na nane — sita tena. Kata tatu, unabaki na mbili sawa na sita. Upuuzi mtupu. Na mimi nilipita hapohapo huku napiga mluzi!

Nimemwambia kwenye foleni ya chai. Hakubisha, kauona mara moja. Kisha akasema polepole, "Profesa hajaona. Wewe ukinyamaza, nani ataona?"

Nikamkumbusha kwamba nitaulizwa mbele za watu.

"Basi sema umesimama. Mama ameshapanda basi."

Nimetoka kwenye foleni. Nimemkasirikia, nikajikasirikia zaidi. Chai sikuinywa.

Jumamosi, 12 Julai

Ukumbi umejaa. Nimekaa na mama yake Jenereta. Nimemwamkia, kaniita mwanangu, kanishukuru kwa kumwangalia binti yake. Natamani ardhi inimeze. Nitasema ukweli. Hapana, nitasema umesimama. Sijui! Naandika ili nisimtazame mama usoni.

Jenereta yuko ubaoni, anaandika huku anaimba puani, watu wanacheka. Mstari wa tano. Wa sita. Mama kanishika mkono wa kushoto, hauachii.

Wa saba. Kaandika tatu upande huu, tatu upande ule. Chaki imesimama kabla ya kuzikata. Haimbi tena. Hamtazami profesa, ananitazama mimi. Profesa naye kavaa miwani, anausogelea ubao.

Mama ananinong'oneza, "Amesahau?"

"Hapana, Mama," nimemwambia. "Amekumbuka."