Anwani ya Nyumba Isiyo na Ukuta

Jumatano, Singida mjini. Upepo tupu.

Upepo wa leo umeamka kabla yangu. Vumbi limefunika meza za hapa intaneti kafe, nikaandika jina langu kwa kidole nikisubiri kompyuta iwake. Niko kama mtu aliyeota mchana na ndoto bado haijamtoka.

Shajara, ngoja nikueleze.

Kwenye maombi ya mkopo wa chuo wanauliza anwani ya kudumu, na mtendaji wa kijiji chako agonge muhuri kwamba unafahamika. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha sita walipajaza huku wanatafuna mihogo. Mimi pamenishinda wiki nzima. Bila muhuri maombi yanarudishwa, bila mkopo hakuna chuo, na Ijumaa ndiyo mwisho.

Nimezaliwa Itigi, kwenye kota za reli. Baba alikuwa fundi wa njia. Kota ile nilidhani ni yetu kabisa, kumbe tulikuwa wapita njia. Watu walipopunguzwa kazini, Baba naye akapunguzwa, na kota ikaenda na kazi. Sasa tumepanga Kintinku, Baba na Mama wanalima mpunga kwenye shamba la kukodi. Mtendaji wa pale alinisikiliza vizuri tu, halafu akasema mpangaji si mkazi wa kudumu, niende kwetu.

Kwetu wapi?

Baba akasema andika Ilongero. Alisema bila kuniangalia. Ndiko alikozaliwa, na ndiko kwa Bibi, mama yake. Lakini hajakanyaga huko tangu apunguzwe. Aliondoka akiwa mtu wa mshahara, akaahidi kurudi kujenga, na kurudi mikono mitupu kukamshinda. Hajawahi kunieleza hivyo mwenyewe. Mama ndiye aliyeniambia, tukipepeta mchele. Mimi nilifika huko mara ya mwisho nikiwa darasa la tatu.

Jana nikaja na basi hadi hapa mjini, nikapanda bodaboda ya Ilongero. Alizeti zimeshavunwa, mabua yamebaki yamesimama mashambani, na njia nzima nilikuwa naota. Nilijiona nafika, nyumba ya Baba ipo, bati linameta, mlango una namba. Upuuzi mtupu. Nyumba za kule hazina namba.

Na nyumba yenyewe haipo. Ipo ya Bibi, na pembeni yake uwanja mtupu uliozungushiwa minyaa, umefagiliwa safi. Bibi akanionyesha kwa kidevu: "Hapo ni kwa Idi." Idi ni Baba. Nikacheka kidogo, nikaona mwenzangu hacheki.

Mtendaji wa kule hagongi muhuri mpaka balozi wa nyumba kumi athibitishe, kwa hiyo Bibi akanipeleka kwa balozi. Tulimkuta anasuka kamba ya ng'ombe. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza jambo kwa Kinyaturu. Nilielewa nusu, nikajibu kwa Kiswahili. "Mwacha asili ni mtumwa," akasema. Alikuwa ananitania tu, lakini niliona aibu mpaka masikioni. Kule kota kila mlango ulikuwa na kabila lake, tulikuwa tunaongea Kiswahili basi.

Kisha akasema hawezi kumdanganya mtendaji. Watoto wa kitongoji chake anawajua kwa msaragambo, wakibeba mawe ya kujengea shule, na anawajua kwenye misiba. Mimi hajaniona popote. Na wala hakunionea. Nilianza kukunja karatasi zangu. Nikauona mwaka mzima unaokuja, niko Kintinku nafukuza ndege mpungani na wenzangu wako chuo. Machozi yakanilenga.

Bibi akauliza taratibu, "Nyumba ya Idi imewahi kukosa msiba hapa?"

Balozi akaiweka kamba chini. Kule mtu akifiwa, kila kaya inapeleka unga, sado moja, lile kopo la rangi wanalopimia sokoni. Kaya isiyopeleka, siku yake ikifika itajizika yenyewe. Kumbe miaka yote hii Bibi anapeleka sado mbili. Ya kwanza ni yake. Ya pili anaiweka chini na kutamka: ya nyumba ya Idi. Wanawake wamemtania weee mpaka wamechoka, eti ana mkwe wa hewani. Yeye anatwanga, anabeba. Hata mwaka wa njaa alibeba mbili. Hilo alilisema balozi mwenyewe, Bibi hakulitaja.

"Haijakosa," balozi akasema. Akatafuta viatu vyake, twende kwa mtendaji.

Basi ndiyo hivyo. Nimeandika: nyumba ya Idi, Ilongero, barua zipitie shule ya msingi. Nina anwani ya kudumu ya nyumba isiyo na ukuta hata mmoja.

Leo asubuhi kabla ya kuondoka nilienda kusimama katikati ya ule uwanja. Upepo ulikuwa unajipitia, hakuna cha kuuzuia. Nikafumba macho, nikachagua chumba changu, upande jua linakochomoza. Dirisha nikaliweka kubwa. Sijui nilisimama muda gani. Nilipofumbua, Bibi alikuwa anafagia, ananizunguka polepole na ufagio wake asinishtue. Nilimpenda mpaka kifua kikaniuma.

Nakala nimeipakia kwenye kompyuta, na bahasha nimeshaituma posta. Kisha nikampigia Baba, nikamwambia muhuri umepatikana. Akasema vizuri. Nikamweleza habari ya unga.

Nikasikia analiweka jembe chini.

"Bado anatwanga mwenyewe?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Mwambie msiba ujao abebe wake tu. Wa kwangu nitakuja nao."

Akakata kabla sijajibu. Nimekaa hapa na simu mkononi, naogopa hata kufurahi, maana namjua Baba na ahadi zake za Ilongero. Lakini sauti yake ya leo sijawahi kuisikia. Na tangu hapo kuna swali limenikaa kichwani, Mungu anisamehe, sithubutu kumuuliza Bibi: kwani huko kijijini, nani mgonjwa?