Jicho la Kupe

Kwako kaka yangu,

Salamu kwanza, maneno baadaye. Nyonga inasemaje? Shemeji aliniambia kwenye simu kwamba tangu mvua zianze unaamka umekakamaa kama mlango uliovimba, na kwamba fimbo mpya huitaki kwa sababu inakufanya uonekane mzee. Kaka, wewe ni mzee. Itumie. Watoto hawajambo? Kitinda mimba bado anapanda juu ya kabati? Ama mimi ni mzima, ila uzima wenyewe wa kujikokota. Tangu wanifanye msimamizi wa zamu, nasimama juu ya mapaa siku nzima nikikagua kamba na ndoo za wasafisha madirisha, na nikirudi nakaa kitandani na viatu mguuni, maana kuinama kuvivua ni kazi nyingine. Nimechoka, kaka. Nakwambia mapema ili ukiona mwandiko unayumba usidhani nimelewa.

Nimekwenda ulikonituma. Uliandika kwamba tangu mwalimu wa shule awapeleke siku moja kwenye lile jumba jipya la kukwea kuta, huyo huyo kitinda mimba, binti yetu, hatulii, anataka kujiunga na timu. Mama yake amekataa katakata, anasema nyumba hii imeshatoa mtu mmoja kwa kamba na yatosha. Wewe ukakata shauri kwamba nilikague mimi. Nikisema ndiyo, anakwenda. Nikisema hapana, mjadala umefungwa. Ukamalizia na msemo wako wa siku zote, kwamba jicho la Kupe ni jicho lako. Niliyasoma maneno hayo mara tatu, na kila mara yalinichoma. Utajua sababu.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi, siku yangu ya mapumziko. Jumba lenyewe zamani lilikuwa ghala la magodoro, na nadhani mengine waliyasahau, kwa sababu sakafu yote imetandikwa magodoro mazito ya kufika magotini. Kuta zinapanda mpaka kwenye mabati, kama ghorofa nne hivi, zimejaa vishikio vya rangi kama peremende zilizotafunwa. Harufu ni ya vumbi la chaki na soksi. Muziki unapigwa kwa sauti ya kumwamsha maiti. Mlangoni karani alinipa karatasi ya kujaza, akaniuliza kama nimewahi kukwea. Nikamwambia sijawahi, mimi miaka kumi na minane kazi yangu ilikuwa kushuka tu. Akacheka kwa adabu. Hakuelewa, na sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba msafisha madirisha huanzia paani. Wakaniazima viatu vilivyobana kama deni la ukoo.

Basi nikakagua kama ulivyonifundisha, polepole, kuanzia chini. Kamba ni mpya, kila moja ina kitambulisho chenye tarehe ya kuanza kutumika, na niliipitisha moja mkononi mita kwa mita bila kukuta mahali palipochubuka. Mikanda ya kiunoni haina uzi uliokatika. Kishikio kimoja cha kijani kilizunguka nilipokishika, nikamwambia mwalimu wa jumba lile. Kabla sijamaliza sentensi alishafunga utepe mwekundu kwenye njia ile na kumteremsha aliyekuwa juu. Pale kazini kwetu ningeandika ripoti na kusubiri wiki mbili. Choo cha wanawake komeo lake limevunjika, hilo nalo nimelisema.

Huyo mwalimu ni mwanamke mfupi mwenye mvi, zamani alikuwa akifundisha michezo shuleni. Watoto wanamwita Mama Fundo, na hachekicheki ovyo. Alipojua kazi yangu alifurahi, akasema angalau leo kaja mtu asiyehitaji mahubiri. Akaniambia tujifunge, mimi nikwee na yeye ashike kamba, kisha tubadilishane. Wanatumia fundo lile lile letu, nane iliyorudiwa: unapiga nane, unapitisha kamba kwenye mkanda, halafu ncha inairudia njia ile ile mpaka nane ziwe mbili zilizolaliana. Mikono yangu ililipiga yenyewe. Yeye akalikagua kwa kulishika, mkunjo kwa mkunjo. Nikakwea, kaka, wala usicheke, nikafika nusu, magoti yakagoma, nikashushwa kama gunia. Ikawa zamu yake. Akajifunga, akanigeukia, akaniomba nimkague. Nikatupa jicho, nikasema nimeona.

Akaniuliza nimeona nini.

Nikamwambia fundo. Akaniuliza tena, kwa upole, nimeona nini. Hapo ndipo nilipotazama. Lo! Kulikuwa na nane moja tu. Ncha ya kamba ilikuwa imepita kwenye mkanda na kuchomekwa pembeni, haikurudishwa. Angekwea mita kumi na kuegemea kitu ambacho hakipo. Akaniambia nisifadhaike, huwa anafanya hivyo makusudi kwa kila mgeni, akiwa bado chini, na kwamba wanaoshindwa sana si wageni, ni wazoefu. Alisema mgeni anaogopa, kwa hiyo anatazama. Watu walio karibu walicheka, nami nikacheka nao. Kisha nikaenda kukaa kwenye benchi kuvua vile viatu, na nikakaa pale mpaka darasa la watoto likaanza na kwisha.

Sasa kaka, kaa chini kama umesimama. Kama unamsomea shemeji kwa sauti, endelea, naye anastahili kusikia.

Unaikumbuka desturi yetu ya paani, uliyoianzisha wewe mwenyewe: mtu havuki ukingo mpaka mwenzake ashike fundo lake kwa mkono kwenye pete ya chuma, aseme nimeona. Siku ile ulipoanguka, ulikuwa umeanza kufunga, msimamizi akakuita kwa ajili ya ndoo, ukarudi, ukavaa glavu, ukaniuliza. Ilikuwa siku yetu ya tatu ya zamu mbili mfululizo. Mimi nilikuwa nimekaa nimeegemea tangi la maji, umbali wa hatua sita, chupa mdomoni. Nikasema nimeona. Sikusimama, kaka. Hata shingo sikuigeuza. Ilikuwa nane moja. Siku hizo tulikuwa na kamba moja tu, haina ya akiba, na ningalitembea hatua sita ungalikuwa na nyonga mbili nzima leo.

Ulipozinduka hospitalini, mkuu wa kampuni alikuja na karatasi yake, ukasema kosa ni lako, mdogo wako alikagua vizuri, labda ulilichezea fundo baadaye. Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Nilijiambia nitasema ukipata nafuu. Ulipopata nafuu nikajiambia usije ukaumia upya. Miaka kumi na mmoja, kaka. Kila tukikutana unawasimulia watoto habari za jicho langu, nami nainamia sahani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeumbuliwa na bibi wa mvi mbele ya watu. Uchovu huu ninaoulalamikia kila barua si wa magoti peke yake. Nilikukosea. Naomba unisamehe, na usipoweza, sitakulaumu.

Kuhusu jumba, jibu langu ni kwamba ni zuri, na yule mwalimu ningemkabidhi mwanangu kama ningekuwa naye. Lakini usimruhusu binti kwa neno langu. Neno langu ndilo lililokuvunja. Panda basi, njoo na fimbo yako na shemeji, lishike fundo kwa mkono wako. Mama Fundo anasema wazazi hufundishwa kushika kamba kwa chini, na anayeshindwa kusimama kuna kiti kilichofungwa sakafuni. Nimekikalia, ni imara. Ukitaka nisiwepo siku hiyo, nitakuwa kazini. Ukitaka niwepo, nitakuja kuwapokea kituoni.

Na mwambie kitinda mimba hili kutoka kwangu: mtu yeyote akimwambia nimeona, asikanyage ukuta kabla hajamuuliza ameona nini. Yeyote yule, hata akiwa baba yake mdogo.

Msalimie shemeji, ingawa sijui kama ataipokea salamu hii. Wabusu watoto. Nasubiri jibu lako, na hata likiwa mstari mmoja wa matusi, nitalisoma lote.

Mimi mdogo wako uliyembeba mgongoni,
Kupe