Kilima Kimoja, Jua Moja

Novi Sad, 3 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi tu ndiyo inanitafuna. Mgongo wako vipi, na Mama ameacha kubeba ndoo? Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unaweka sauti kubwa hadi majirani wanakujibia, na haya si ya majirani.

Dereva wa basi atakupa kidumu. Ndani mna silikoni ya maji, jamaa yake mchanga na kioo. Hapa kwenye taasisi tunaijaribu: ukiinyunyiza mapema, jani linakuwa na ngozi ngumu, halipotezi maji ovyo, na tunda linastahimili jua kali. Itie kwenye maji peke yake. Usiichanganye na mrututu, ile dawa ya ukungu, kama mlivyozoea kutupia kila kitu pipa moja, itaganda kama uji. Nyunyiza rasiberi alfajiri, urudie kabla hazijachanua.

Ni mabaki ya majaribio na sikuomba ruhusa. Kwa hiyo usimwambie mtu, hata Baba Vidoje. Najua ndiye baba yangu wa ubatizo, ndiye aliyenipa jina, lakini mdomo wake hauna kitasa.

Mwanao,
Kosara

Arilje, 20 Mei

Kosara binti yangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mgongo unauma kama kawaida, na ndoo mama yako bado anabeba; mkanye wewe, mimi hanisikii.

Nimenyunyiza kama ulivyosema, kabla jogoo hawajawika, nisionekane. Majani yamesimama, magumu ukiyashika. Kidumu kimebaki nusu, nimekificha nyuma ya mapipa.

Vidoje alipita akanitania kwamba nimezeeka, nalala na kuku ndiyo maana naamka nao. Nilicheka naye. Miaka yote rasiberi zake zimezishinda zangu, na kila mwaka hunikumbusha mbele ya watu. Mwaka huu tutaona.

Baba yako

Arilje, 9 Julai

Kosara mwanangu,

Hujambo huko? Sisi tunapumua, maana kwa joto hili kusema tu wazima ni kujisifu.

Jua limetupiga mfululizo bila hata wingu. Rasiberi za Vidoje zimekuwa nyeupe upande mmoja, kama zimechemshwa, kisha majani yakajikunja. Zangu ni nyekundu. Watu wanasimama barabarani kuziangalia.

Kwa kuwa kwake hakuna cha kuchuma, amekuja kunichumia mimi, yeye na mkewe Rosa. Sikumwita. Jana aliinama juu ya mstari akaniuliza, "Milisav, hizi umezilisha nini?"

"Kivuli cha kilima," nikamwambia.

Akaendelea kuchuma. Kilima ni kimoja na jua ni moja, na shamba lake linapakana na langu.

Nikwambie ukweli. Ile nusu ya kidumu ingetosha mistari yake ya chini. Si wewe tu uliyenifunga mdomo. Nilitaka nimshinde japo mara moja. Na siku nilipoona zake zimeungua, kabla sijamhurumia, nilifurahi. Naona aibu kukuandikia hivyo. Vidoje anasema tukimaliza mavuno ataleta trekta azing'oe rasiberi zake zote, ahamie kwa mwanawe Austria.

Baba yako

Novi Sad, 14 Julai

Baba,

Shikamoo. Mimi sina raha, siwezi kukuficha. Hili nimelianza mimi. Niliwaogopa wakubwa wa kazini kuliko nilivyomheshimu mtu aliyenipa jina. Nimeshawaambia wakubwa, wamenigombeza, basi. Kumbe hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa.

Mwambie kabla trekta halijaingia. Mizizi yake bado hai: akate fito zilizoungua, zitachipua nyingine, na masika tutanyunyiza pamoja. Natuma kwa basi kidumu chake. Wewe mwenyewe ulinifundisha: Mungu mbinguni, baba wa ubatizo duniani. Nenda kesho, Baba. Na useme mimi ndiye niliyekataza.

Mwanao,
Kosara

Arilje, 2 Septemba

Kosara mwanangu,

Hujambo. Usiulize habari za mgongo.

Barua yako haikuchelewa, niliyechelewa ni mimi. Kila siku nilikuwa na sababu: mara mavuno, mara mvua, mara mama yako anaumwa jino. Nilikwenda jana niliposikia trekta linanguruma upande wa pili wa ua.

Mistari ya juu ilikuwa imeshalala, mizizi hewani. Vidoje alikuwa amekaa nje mezani. Niliweka kidumu ulichomtumia miguuni pake nikamwambia yote, hata ile furaha yangu. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Nilikuona, Milisav," akasema. "Alfajiri, na bomba la dawa mgongoni. Nikajua Kosara kakutumia kitu. Nikamwambia Rosa, tungoje, watatuita."

Hakukasirika, na heri angekasirika. Akauliza kama unakula vizuri huko mjini. Trekta hakulisimamisha.

Unaijua nyumba ile. Tangu ujana wetu nikifika huingia mwenyewe, nikafungua kabati, nikajimiminia pombe ya rakija bila kumwuliza mtu. Jana niliinuka kwenda kabatini. Vidoje akanishika mkono, akaniomba nikae, akisema mgeni hasumbuki. Rosa akatoka na sinia, na juu yake kijiko cha jamu na glasi ya maji, kama tunavyompokea mtu anayefika kwetu mara ya kwanza.

Nikaipokea, nikala, nikasema asante.

Baba yako